Sindano ya vitamini imempoza mama magoti. Nimwambie?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ameandika:

"Assalamu alaykum Daktari. Mamangu ana miaka 63 na magoti yanamsumbua kwa muda mrefu. Tangu mwaka jana anakwenda kliniki moja ya binafsi mtaani kwetu. Kila baada ya wiki mbili hudungwa sindano anayoiita ya mifupa, na akishadungwa hutembea vizuri siku kadhaa, hupanda ngazi, hata Kongowea sokoni huenda peke yake. Juzi niliiona ile chupa: vitamini B. Binamu yangu ambaye ni muuguzi anasema hiyo haitibu magoti, ni plasibo tu, yaani kitu kisichotibu ugonjwa wenyewe kinachotolewa kama dawa. Kinachonitia hofu ni kwamba mama siku hizi anaruka vidonge vyake vya presha. Anasema mwili uko mwepesi, na vile vidonge vya bure vya zahanati vinamchosha. Je, nimwambie ukweli niiharibu nafuu yake, ama ninyamaze? Na inakuwaje kitu ambacho si dawa kimtoe mtu maumivu?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeniita daktari, mimi ni mwanasaikolojia, kazi yangu ni na watu wenye maumivu ya muda mrefu, na mambo ya dozi ninawaachia wenyewe. Lakini kabla ya saikolojia yoyote, hili la presha halingoji jibu langu liishe. Mpeleke mamako akapimwe, kesho ikiwezekana, zahanati yoyote iliyo karibu nanyi. Aseme bila kuficha ni siku ngapi hajameza, aelekezwe namna ya kurudi kwenye dawa, na asimeze viwili viwili kufidia vilivyompita. Ikitokea kichwa kumuuma ghafla kuliko kawaida yake, ulimi ukawa mzito, mkono au mguu wa upande mmoja ukalegea, au kifua kikambana, hapo si pa kliniki ya mtaani tena. Ni hospitali kubwa yenye chumba cha dharura, saa hiyo hiyo.

Nimeanza na hilo kwa sababu barua yako ina mambo mawili, na mamako anayaona ni moja. Magoti yanauma. Presha haiumi. Magoti yakipoa anahisi mwili mzima umepona, na mtu aliyepona ameze vidonge vya nini? Presha nayo hula mishipa, moyo na figo kama mchwa ndani ya boriti: dari yaonekana nzima mpaka siku iangukapo. Kwa hiyo "najisikia mwepesi" ni habari nzuri ya magoti, lakini kuhusu presha haituambii lolote. Presha inajulikana kwa mashine, basi.

Kuna utafiti mmoja ambao, nikilazimika kuchagua, ningemsomea kila mgonjwa wangu na kuacha mingine yote. Ulichapishwa Marekani mwaka 2011, juu ya watu wenye pumu. Kila mgonjwa alipitia hali nne kwa zamu: mara inhela yenye dawa ya kufungua mapafu, mara inhela isiyo na kitu, mara akupancha (tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba) ya kuigiza, na mara akakaa tu bila kupewa chochote. Kisha wakaulizwa: unajisikiaje? Kwa inhela ya dawa walisema hali imetengemaa kwa asilimia 50. Kwa inhela tupu, asilimia 45. Kwa akupancha ya kuigiza, 46. Kwa kukaa bure, 21. Ukiishia hapo utasema inhela tupu inakaribia kabisa kuwa sawa na dawa. Lakini watafiti hawakuishia kuuliza. Waliwapulizisha kwenye kipimo cha mapafu. Dawa ilikuwa imeongeza pumzi kwa asilimia 20. Hizo nyingine tatu, pamoja na ile ya kukaa bure, zilikuwa zote kwenye kama asilimia 7. Yaani mtu alijisikia amefunguka, na mapafu yake yalikuwa yamebana vilevile kama ya mtu asiyepewa kitu.

Huo ndio mpaka wa plasibo, na sijaona utafiti ulioufuta. Inafika mahali pa kuhisi: maumivu, kichefuchefu, uchovu, wasiwasi, usingizi. Haifiki kwenye uvimbe wa saratani, haiui vijidudu vya malaria, haiteremshi sukari ya mtu aliyeacha insulini. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Denmark, Hróbjartsson na Gøtzsche, walikusanya majaribio 114 ambamo kundi moja lilipewa plasibo na jingine halikupewa kitu kabisa. Kwa vitu vinavyopimwa kwa chombo hawakuona faida ya maana. Kwa maumivu waliiona, nayo ilikuwa ndogo kuliko watu walivyozoea kuhubiri.

Lakini maumivu ni kuhisi, na mamako ana maumivu. Hapo ndipo ninapoachana na binamu yako na lile neno lake la "tu". Nafuu ya mamako si ya kujifanya, wala haonyeshi udhaifu wa akili. Mwaka 1978 huko San Francisco, Levine, Gordon na Fields walifanya jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa la werevu mkubwa. Waliwachukua watu waliotoka kung'olewa magego ya mwisho, wakawapa kitu kisicho na dawa. Baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakawapa naloksoni, dawa ile ile inayotumika kumzindua mtu aliyezidisha heroini, kwa sababu huziba milango ambayo heroini na mofini hupitia kwenye ubongo. Wale waliokuwa wamepata nafuu, maumivu yakawarudia. Sasa fikiria: kama nafuu ilikuwa maneno matupu, naloksoni ingeziba nini? Iliziba mofini ambayo ubongo wenyewe ulikuwa umeitoa, endofini kama zinavyoitwa. Mgonjwa alitarajia kupozwa, na ubongo ukafungua ghala lake mwenyewe.

Baadaye, mwaka 2001, watafiti wa Vancouver walionyesha kwa picha za ubongo kwamba wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo ya kutetemeka, waliopewa plasibo walitoa dopamini, kemikali ile ile iliyowapungukia. Sitakaa sana hapo. Muhimu ni kwamba matarajio ni kazi ya mwili, yana kemikali zake, na pia yana mwisho wake. Ubongo hutoa kile ulicho nacho tu. Gegedu la goti, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, likishalika, ubongo hauna la kulirudishia.

Upande mwingine wa jambo hili watu huusahau. Hata dawa ya kweli hupanda juu ya matarajio. Fabrizio Benedetti wa Turin, Italia, amelionyesha hilo kwa namna rahisi. Wagonjwa waliotoka kupasuliwa walipewa dawa ya maumivu kwenye mshipa. Wengine daktari alisimama kando ya kitanda akawaambia, sasa nakutia dawa kali ya maumivu. Wengine mashine ilimimina dawa hiyo hiyo bila wao kujua ni saa ngapi. Waliofichwa walihitaji dawa nyingi zaidi ili wapoe. Kumbe sehemu ya nguvu ya mofini hutoka kwenye chupa, na sehemu hutoka kwa yule anayesema "nakutia".

Turudi Kisauni. Kwa nini sindano, na kwa nini hasa ile ya kulipia?

Ubongo hujifunza kwa kuzoea. Mtu wa umri wa mamako amekua na sindano. Homa ya utotoni ilikwisha kwa sindano ya makalio, na bibi naye alisema aliyedungwa ndiye aliyetibiwa, aliyepewa vidonge amepewa cha kuondokea. Miaka na miaka maumivu ya mchomo yamefuatwa na nafuu. Mwishowe mchomo peke yake unatosha kuanzisha nafuu. Na si watu wa Pwani peke yao: mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi waliyapitia majaribio ya dawa ya kipandauso wakiangalia wale tu waliopewa kitu kisicho na dawa. Waliodungwa, asilimia 32.4 walisema kichwa kimepoa ndani ya saa mbili. Waliomeza kidonge, asilimia 25.7. Chupa zote mbili hazikuwa na kitu.

Bei nayo husema. Mwaka 2008 huko Marekani watu 82 waliojitolea walitiwa mishtuko midogo ya umeme mkononi kabla na baada ya kumeza kidonge. Kidonge kilikuwa kitupu kwa wote. Kundi moja liliambiwa kimoja kinauzwa dola mbili na nusu, jingine likaambiwa kimeshushwa bei mpaka senti kumi. Walioamini ni cha ghali, asilimia 85 walisema maumivu yamepungua. Walioamini ni cha bei ya chini, 61. Nilipoisoma sentensi yako, "vile vidonge vya bure vya zahanati", niliukumbuka utafiti huu. Mamako hupanga foleni toka asubuhi kwa dawa ya presha, anapewa kwenye bahasha ndogo ya karatasi na mtu asiyeinua macho, halafu jioni analipa pesa zake kwa sindano na kukaribishwa kiti. Moyo wake umeshahukumu ipi ni dawa, na umehukumu kinyume.

(Wengine wakifika hapa huniuliza, na kombe je, na rukya? Mimi huko siingii. Dua ni ibada, haikuletwa maabara ishindanishwe na kidonge. Ninachomuuliza mgonjwa ni kimoja: umeacha dawa yako?)

Hata hivyo tusiipe sindano sifa zote, wala tusiipe akili sifa zote. Magoti ya uzee yana tabia ya kupanda na kushuka. Wiki hii yanawaka, wiki ijayo yanatulia, na hakuna aliyeyagusa. Mamako alianza kwenda kliniki lini? Nadhani alipozidiwa. Nani anakwenda kliniki siku anayojisikia vizuri? Basi akishadungwa katika siku mbaya kuliko zote, siku zinazofuata karibu lazima ziwe nafuu, hata angalidungwa maji ya bomba, Mungu apishe mbali. Kosa hili limewanasa na wakubwa. Mwaka 1955 Mmarekani Henry Beecher, daktari wa ganzi, aliandika makala mashuhuri akikusanya tafiti 15 na kusema plasibo huwapa nafuu ya kuridhisha kama asilimia 35 ya wagonjwa. Namba hiyo hadi leo inazunguka kwenye simu za watu: "akili huponya theluthi ya magonjwa." Beecher alihesabu kila aliyepata nafuu baada ya plasibo, wakiwemo waliokuwa watapata nafuu hata wangeachwa walale. Ukiipata hiyo namba kwenye kundi la familia, usiisambaze.

Na kwa kuwa tunazungumza magoti, kuna jaribio la Houston la mwaka 2002. Wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza goti liliingizwa kamera na kusafishwa kwa kukwanguliwa, wa pili likaoshwa kwa maji, wa tatu wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, chumba cha upasuaji kikiwa kamili, vyombo vikilia, na hakuna kilichofanyika ndani. Wakafuatiliwa miaka miwili. Hakuna kundi lililolishinda jingine. Wengi husema, umeona nguvu ya plasibo! Mimi nasoma kwa uangalifu zaidi: inaonyesha kwamba ule upasuaji haukuongeza kitu. Ni kiasi gani cha nafuu kilitoka kwenye imani na kiasi gani kilitoka kwenye magoti kupanda na kushuka kwake, jaribio lile halikuwa na kundi la kutofanyiwa lolote la kutuambia.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako, kwa sababu naona umebanwa katikati ya mambo mawili: ama uongo wenye nafuu, ama ukweli wenye maumivu. Kwa maoni yangu hapo hukulazimika kuchagua.

Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa watu 262 wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu, ya aina ambayo daktari akipima hapati kidonda. Waliwagawa sehemu tatu. Wa kwanza waliandikishwa na kuambiwa wangoje. Wa pili walipewa akupancha ya kuigiza, sindano zisizopenya ngozi, na mtoaji aliyeamriwa asizungumze zaidi ya lazima. Alikaa nao kama dakika tano siku ya kwanza. Wa tatu walipewa akupancha hiyo hiyo ya kuigiza, lakini mtoaji alikaa nao dakika 45, akawauliza ugonjwa ulianzaje, unawazuia nini, wao wenyewe wanadhani umetokana na nini, akasikiliza, akawaonyesha matumaini. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha: waliongoja, asilimia 28. Waliopata sindano za kuigiza bila mazungumzo, 44. Waliopata sindano za kuigiza pamoja na mtu, 62.

Angalia hiyo 44 na hiyo 62. Sindano ni zile zile. Kilichoongezeka ni binadamu aliyekaa kitini.

Sasa jiulize mamako analipia nini pale mtaani. Nadhani ukienda naye siku moja utaona: anaitwa kwa jina, anaulizwa hali ya wajukuu, goti linashikwa, linakunjwa, linakunjuliwa, daktari anasema "hili tutalituliza, mama." Huko kwenye foleni ndefu za hospitali za umma muuguzi mmoja ana watu wa ukumbi mzima, simlaumu yeye, lakini goti la mamako halishikwi na mtu. Siyo ajabu akachagua anakoshikwa. Na hicho anachokipata hakihitaji uongo ndani yake. Mtu anaweza kukaa naye, kumshika goti na kumpa matumaini ya kweli huku akimpa tiba ya kweli.

Kaptchuk huyo huyo alikwenda hatua zaidi mwaka 2010. Watu 80 wa maradhi yale yale ya tumbo. Nusu walipewa vidonge na kuambiwa waziwazi: hivi havina dawa, vimetengenezwa kwa kitu kisicho na kazi mwilini, lakini imeonekana kwamba mwili unaweza kuitikia tendo la kumeza. Chupa yenyewe iliandikwa plasibo. Wengine walipata mazungumzo kama hayo na wahudumu wale wale, bila vidonge. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 ya waliomeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, wasiomeza, 35. Utafiti ulikuwa mdogo na wa muda mfupi, na waliojiunga walijua wanakuja kujaribu tiba ya akili na mwili, kwa hiyo sitakwambia ndio neno la mwisho. Lakini unatosha kuitikisa ile hofu yako kwamba siku mama akijua, nafuu itayeyuka.

Kinachoweza kuiyeyusha ni namna ya kumwambia. Plasibo ina ndugu yake mbaya, nosibo: mtu akitarajia madhara, huyapata. Mwaka 2020 Waingereza walichapisha jaribio la watu 60 walioacha dawa ya kushusha mafuta ya damu kwa sababu ya madhara yake. Kwa mwaka mzima walipewa chupa za mwezi mmoja mmoja bila kujua zipi ni zipi: miezi mingine dawa, mingine vidonge vitupu, mingine chupa tupu kabisa. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye dawa waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Usichukue hili ukamwambie mamako kwamba uchovu wake ni wa kujitungia. Dawa za presha zina madhara ya kweli pia: amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichoisha. Ajieleze kwa daktari, dawa za presha ni aina nyingi na inaweza kubadilishwa. Ninachokuomba ni usiingie nyumbani na "wamekudanganya, zile ni vitamini tu." Utakuwa umemdunga nosibo kwa mkono wako, na umemvunjia heshima mtu mzima aliyefanya uamuzi wake kwa pesa yake. Hapo atakachosikia ni kwamba binti yake anamwona mjinga, na ya presha hatayasikia tena.

Na kabla hujamwambia chochote, hakikisha wewe mwenyewe unajua. Umeona chupa moja. Sindano za aina hii za mtaani mara nyingine huchanganywa: vitamini, pamoja na diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, pamoja na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni. Zikiwa ndani, basi hatuzungumzii plasibo tena. Hizo zinapoza maumivu kwelikweli, na zote mbili huweza kupandisha presha. Diklofenaki inagusa figo na tumbo, steroidi inapandisha sukari. Kama ndivyo, mama anapandishiwa presha kila wiki mbili huku akiacha vidonge vya kuiteremsha. Mwende pamoja, na umwombe daktari kwa adabu akuandikieni majina ya vyote vinavyoingia kwenye ile sindano. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa anatibiwa kwa kitu gani. Daktari mzuri ataandika. Akikataa, jibu umeshalipata, na hapo msirudi tena.

Kuna na hili: vitamini B yenyewe si maji. Kwa mtu aliyepungukiwa na B12, mathalani mwenye kisukari anayemeza metformini kwa miaka mingi na miguu inakufa ganzi, ni dawa kabisa. Kama mama ana dalili hizo, aangaliwe damu. Kwa goti lililolika bila upungufu huo, sijui sababu ya kumpa.

Ukishajua, mwambie wakati mko wawili, baada ya chai, si mbele ya shangazi na majirani. Anza na nafuu: "Mama, nafurahi nikikuona unakwenda Kongowea. Nafuu ile ni ya kweli, mwili wako ndio unaoitoa." Kisha: "Nimeulizia sindano, ni vitamini. Daktari anakushika vizuri na mwili wako unaitikia. Goti lenyewe lataka kitu kingine juu yake." Halafu liweke la presha peke yake, siku nyingine au baada ya kupimwa, na umwonyeshe namba za mashine. Namba zina kazi nzuri hapa: zinaipa presha sauti ambayo mwili hauipi. Familia nyingine hununua mashine ya mkononi kwenye kemisti na kuandika vipimo kwenye daftari. Mzee akiona mwenyewe vinashuka wiki aliyomeza na kupanda wiki aliyoacha, vidonge vya bure vinapanda cheo.

Hicho kitu kingine cha goti ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kama umezidi. Si jambo la kupendeza kumwambia mtu mwenye maumivu asimame na kuketi kitini mara kadhaa kwa siku, lakini kwa magoti yaliyolika ushahidi wake ni imara. Mtafutie mtaalamu wa fiziotherapia. Pale Makadara, yaani hospitali ya Coast General, wapo. Tafuta anayezungumza na wagonjwa wake. Nasema hivyo kama sehemu ya tiba: mama atafanya mazoezi ya yule anayemjali, na yatamfaa zaidi kwa sababu anamwamini. Dawa za maumivu za kununua bila kuandikiwa, hasa diklofenaki na ibuprofeni, asizimeze kiholela kwa sababu ya ile presha.

Baada ya yote hayo anaweza kukwambia, "Nimekusikia mwanangu, na sindano yangu bado naitaka." Kama imethibitika ni vitamini peke yake, sindano ni mpya inayofunguliwa mbele yake, pesa haitoki kwenye chakula, na vidonge vya presha vinamezwa kila siku, mimi nisingegombana naye. Ningemwomba tu daktari yule ajaribu kumpa vitamini hiyo kwa vidonge, kwa sababu makalio ya mtu wa miaka 63 yanayodungwa kila wiki mbili huweza kupata majipu, na mara moja moja hata mshipa wa fahamu huguswa. Na ningemwomba aendelee kumshika goti.